Skani ya ubongo isitumiwe kuwashuku wagonjwa wa sonona

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa miaka mingi bila kuwahi kuliandikia, lakini makala yenu ya majuzi kuhusu mawasiliano ya sehemu za ubongo kwa watu wenye sonona, ile iliyopambwa kwa picha ya ubongo wenye madoa mekundu na ya buluu, imenilazimu kushika kalamu. Mliandika kwamba ugonjwa huu sasa unaonekana kwenye skani. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, hauonekani.

Dada yangu ni karani wa hesabu katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda. Alipopeleka barua ya daktari wa magonjwa ya akili, meneja wake, makala yenu ikiwa mezani, alimtaka alete skani ndipo apewe likizo. Bima ilikataa kulipia, tukatoa pesa zetu katika kituo kimoja cha Upper Hill, na ripoti ikasema ubongo wake hauna kasoro. Basi akaambiwa anajifanya mgonjwa. Mtu aliyekuwa akijumlisha safu nzima ya tarakimu kichwani, ambaye sasa huisoma ankara moja tena na tena na akifika chini amesahau ya juu, eti anajifanya! Mwenzake aliyeugua taifodi alipewa likizo kwa karatasi moja yenye muhuri. Waajiri wa jiji hili wamepata wapi mamlaka ya kupinga barua za madaktari?

Skani ya kawaida ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, hutafuta uvimbe, kuvuja kwa damu na majeraha. Watafiti huitumia mashine hiyo kwa namna nyingine: hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo mtu akiwa ametulia, kisha hupima ni sehemu zipi zinazopanda na kushuka pamoja. Wanachopata ni wastani wa makundi, na hata wastani huo unabishaniwa. Uchanganuzi wa mwaka 2015 uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba miunganisho ndani ya mtandao wa sehemu za ubongo unaoamka tunapojiwazia wenyewe ina nguvu zaidi kwa wagonjwa. Utafiti wa China wa 2019, uliolinganisha wagonjwa 1,300 na watu 1,128 wasio na ugonjwa huo, uliikuta imelegea kwa wale ambao sonona huwarudia, ukahusisha hali hiyo na matumizi ya dawa.

Mlichoacha ndicho kinachowaumiza watu kazini: umakini, kumbukumbu na kasi ya kufikiri hupungua, na kwa wengi upungufu huo hubaki hata huzuni ikiisha. Dodoso la PHQ-9, linalotumiwa kupima dalili za sonona, huuliza, katika swali la saba, iwapo mtu anatatizika kumakinika, kwa mfano anaposoma gazeti. Linajazwa kwa kalamu.

Kila mnapochapisha picha ya ubongo, andikeni chini yake, kwa herufi kubwa kama za kichwa cha habari, ni watu wangapi waliopimwa na kwamba picha hiyo haiwezi kumpima mtu mmoja. Makala ya majuzi nayo isahihishwe katika ukurasa uleule. Nitaukata na kumpelekea meneja yule mwenyewe.

Msomaji wenu,
Buruburu, Nairobi