Kabla hujaung'oa mchare wa kihambani, tuletee chipukizi lake

Kila masika yanapokaribia, wateja wengi wa kitalu chetu hapa Moshi huulizia miche ya tishu, yaani iliyokuzwa kwenye chupa za maabara, ya aina moja tu, ile migomba mifupi yenye mikungu mikubwa. Ni miche mizuri nasi tunaiuza, lakini tunasikitika tunaposikia kwamba ili ipate nafasi, mchare na ndizi ng'ombe, aina za migomba za wazee, zimeng'olewa zote kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani.

Mahindi huhifadhiwa kwenye debe yakasubiri msimu ujao. Ndizi tunazokula hazina mbegu, hivyo aina yake huishi ndani ya chipukizi, na shina la mwisho likifa aina hiyo imekwisha. Mchare, ambao bila huo hakuna mtori, uko hatarini zaidi kwa sababu hushambuliwa sana na mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu ambao vimelea vyake hukaa udongoni kwa miaka mingi, na ambao kufikia miaka ya 1960 ulikuwa umeangamiza mashamba ya ndizi aina ya Gros Michel huko Amerika ya Kati, yaliyopandwa aina hiyo moja.

Chipukizi likifika kwetu tunalimenya tabaka kwa tabaka mpaka kibaki kiini cheupe kama punje ya harage, tunakitakasa kwa klorini, kisha tunakiweka kwenye chupa yenye sukari, madini na homoni zilizogandishwa kwa agari. Hapo huchipua vichipukizi vingi, navyo tunavigawa tena na tena, ila hatuvuki mara nane, kwani ukizidisha kugawa hutokea miche isiyofanana na mama yake.

Mche huo hutoka bila fukusi wala minyoo. Hata hivyo, anayekuahidi kwamba mchare wa tishu haushiki mnyauko anakupotosha: ukiupanda kwenye shimo lenye ugonjwa, utaugua.

Huko Leuven, Ubelgiji, hazina ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1985 hutunza zaidi ya sampuli 1,500 za migomba, nyingi zikiwa zimegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Sisi hatuna mitungi hiyo, tuna chupa na rafu. Mwaka jana bibi mmoja wa Marangu alituletea chipukizi lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba, la mwisho kihambani kwake, na leo watoto wa chipukizi hilo wako rafuni.

Chagua chipukizi lenye majani membamba kwenye shina lisilo na dalili za ugonjwa, lioshe udongo wote, uliandikie jina ambalo wazee wa kwenu huliita. Tutakurudishia miche kumi bila malipo, na chupa moja itabaki kwetu.