Jaquotot na kazi ya moto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme neno kuhusu makala mliyoichapa wiki iliyopita juu ya wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, ambamo Marie-Victoire Jaquotot alipewa sentensi moja tu, kwamba alikuwa akinakili picha za wenzake kwenye vyombo.

Kunakili alinakili, sikatai. Alizaliwa Paris mwaka 1772, akafundishwa na Étienne-Charles Le Guay, mchoraji wa kauri aliyekuja kuwa mumewe, na tangu mwaka 1801 akafanyia kazi kiwanda cha kauri cha Sèvres, karibu na Paris, kwa miaka ipatayo 40. Kazi zilizomjengea jina, hadi Mfalme Louis wa 18 akampa cheo cha mchoraji wake wa kauri, ni nakala za picha za Raphael, mchoraji wa Italia, na wengineo. Ila mwandishi wenu hakueleza zilitakiwa za nini. Alexandre Brongniart, mtaalamu wa madini aliyekiongoza kiwanda hicho, aliona jinsi picha za rangi za mafuta zinavyopasuka na kuingia weusi, akataka zilizo bora zihamishiwe kwenye mabamba ya kauri, kwa kuwa rangi iliyoivia motoni haibadiliki tena.

Na moto ndio wenye kazi. Rangi hizo ni madini yaliyosagwa, buluu ikitoka kwenye kobalti na waridi kwenye dhahabu, na zikiwa mbichi hazifanani na zitakavyokuwa zikiiva. Kwa hiyo mchoraji huweka pembeni kipande chenye michirizi ya rangi zilizokwisha kuchomwa, akakifuata hicho badala ya kuliamini jicho lake. Bamba huingia tanurini zaidi ya mara moja, na kila mara laweza kupasuka. Mimi mwalimu wa sanaa mstaafu nilijaribu kigae kimoja tu: ua liliingia jekundu, likatoka na rangi ya kutu. Mwaka 1830 Jaquotot aliihamishia kwenye kauri picha ya Atala ya mchoraji Mfaransa Girodet, maiti ya msichana iliyopauka katika giza la pango, ambapo rangi ya ngozi ikikosewa kidogo picha nzima imekwisha.

(Mchoraji Renoir naye alianza utotoni kwa kuchora vyombo vya kauri, na makala yenu ilimpa aya tatu.)

Mkiirudia makala hiyo, naomba sentensi ile irekebishwe, na msomaji aambiwe nakala zile zilipitia wapi kabla ya kuonekana.

Msomaji wenu,
Morogoro