Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Meya: Tundu Moja la Umeme kwenye Nguzo ya Taa

Mheshimiwa Meya,

YAH: MAHALI PA KUCHAJI MAGARI YA UMEME KWA SISI TUNAOISHI GHOROFANI

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkazi wa ghorofa ya nne katika jengo lenye familia 36 na maegesho sifuri. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizokuandikia faraghani zina miezi 26 ofisini kwako, na nadhani sasa zimeshakuwa wenyeji.

Alhamisi iliyopita, saa moja na nusu usiku, jirani yangu wa ghorofa ya pili alijikwaa kwenye waya wangu. Waya huo unatoka kwenye roshani yangu, unashuka ukutani, unavuka njia ya waenda kwa miguu hadi kwenye gari. Huwa naufunika kwa mkeka wa mpira. Usiku huo mkeka ulikuwa umesogea. Mama wa watu akavunjika kifundo cha mkono. Nilimpeleka hospitali kwa gari hilohilo, betri ikiwa na asilimia 11, na binti yake aliyekaa kiti cha nyuma hakunisemesha njia nzima. Angenitukana ningenyamaza.

Jumatatu ikafika barua kutoka ofisini kwako. Faini, kwa kuweka kizuizi kwenye njia ya umma. Siku nne tu, Mheshimiwa! Kumbe karatasi mnazo, muhuri mnao, na anwani yangu mnaijua vizuri. Faini nitalipa, kwa sababu waya ulikuwa wangu na aliyeumia ameumia. Lakini ofisi iliyonijibu kwa siku nne ndiyo hiyohiyo iliyoshindwa kunijibu kwa miezi 26, na hapo ndipo subira yangu imefika mwisho.

Nikukumbushe kidogo, maana una mengi. Wakati wa kuomba kura ulisimama kando ya gari la umeme lililofungwa utepe, ukasema kwamba ndani ya mwaka mmoja hakuna mkazi atakayeogopa kununua gari kama lile kwa kukosa pa kulichaji. Nilikuwa mstari wa pili. Nilipiga makofi. Mbaya zaidi, nilikuamini, nikauza gari langu la petroli. Ninachokiona hadi leo ni chaja mbili, zote mbele ya jengo la ofisi yako, kwenye maegesho yenye kibao kisemacho "Watumishi Tu". Hongera kwa hizo.

Sasa nikueleze siku zangu zilivyo, kwa sababu nina hakika wenye nyua na magereji hawazijui. Wao wanafika nyumbani, wanachomeka, wanalala. Mimi kwanza natafuta nafasi chini ya roshani yangu, si nyingine, maana waya haufiki kwingine. Nikiikosa, nazunguka. Nikiipata, nashusha waya kwa kamba kama mtu anayevua samaki. Nimepunguza umeme hadi ampea 6 kwa sababu kwenye 10 plagi ilikuwa inapata moto hadi ikanuka. Mvua ikinyesha nachomoa. Saa nane za usiku nimewahi kuamka kuteremka ngazi zote zile ili tu nihakikishe hakuna moshi. Mke wangu anasema hilo gari ni mtoto mchanga wa tatu. Wawili wa kwanza walau walikua.

Najua utasema zipo chaja za kasi kule pembezoni mwa mji. Zipo, nne, na mara nyingi mbili ndizo nzima. Foleni yake wikendi ni ya kuchukua kitabu. Tena uniti moja pale ni zaidi ya mara mbili ya ile ninayolipa nyumbani, kwa hiyo mwenye ua anatembea kwa bei nafuu na mpangaji wa ghorofani anatembea kwa bei ghali, kwa gari lilelile na barabara ileile. Sidhani kama ulikusudia hivyo. Ila ndivyo ilivyo.

Na wala sihitaji kasi. Kwa siku naendesha kilomita 45 hivi, ambazo zinakula uniti 7 au 8. Gari linalala barabarani kwa muda wa saa 11. Hata tundu la kawaida la ukutani, lile la kupigia pasi, linatosha kunirudishia uniti hizo kabla hakujapambazuka. Tatizo langu lote, na faini yako, na mkono wa jirani yangu, vimetokana na mita chache za njia ya waenda kwa miguu.

Mwenye jengo alikataa kuweka chochote. Alisema akimwekea mmoja, wote 36 watataka, na nyaya za jengo zitaungua. Nilimweleza kwamba siku hizi ipo mitambo ya kugawa umeme kati ya magari ili jengo lisizidiwe, kila gari likipata kidogo kwa zamu usiku kucha. Akanijibu kwamba gari ni langu, si lake. Hakuna sheria hapa inayomlazimisha hata kunisikiliza. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, mkazi wa ghorofa mwenye pa kuegesha hakataliwi chaja bila sababu ya msingi. Ujerumani ilibadilisha sheria yake mwishoni mwa 2020, na hata mpangaji anaweza kudai ruhusa hiyo. Kwetu nimeambiwa na karani wako, kwa upole kabisa, kwamba majengo mapya yatafikiriwa. Jengo letu si jipya, Mheshimiwa, na halina mpango wa kuzaliwa upya. Karani huyohuyo alinishauri nitafute nyumba yenye ua. Nilimshukuru. Ua sikuwa nimeufikiria.

Kwa nini hakuna kinachofanyika, sijaambiwa, kwa hiyo nakisia. Nahisi idara ya barabara inasema hili ni suala la umeme, watu wa umeme wanasema nguzo ni za idara ya barabara, na barua zangu zinapanda na kushuka kati yao. Au labda mnaona wenye magari haya ni matajiri wenye nyua. Kama ndivyo, njooni mtaani kwetu usiku mhesabu nyaya zinazoning'inia kwenye roshani. Mimi nimehesabu tano. Yangu ya sita.

Mwanzoni nilitaka kuomba mengi: sheria ya kumbana mwenye jengo, chaja kila mtaa, bei ya haki. Bado nayataka. Lakini nimechoka, na nikiomba mengi najua nitaundiwa kamati. Kwa hiyo naomba kitu kimoja. London wameweka matundu ya kuchajia ndani ya nguzo za taa za barabarani, maelfu yake. Nguzo ni ileile na waya wa ardhini ni uleule. Amsterdam mkazi asiye na maegesho yake anaweza kuomba nguzo ya kuchajia karibu na kwake. Sisi nguzo ya taa tunayo tayari. Ni nambari 14, iko mbele ya mlango wetu, hatua mbili kutoka ukingo wa barabara.

Tundu moja kwenye nguzo hiyo. Lenye mita, nitalipa kila uniti. Tutapangiana zamu sisi wenyewe, wote sita, na nyaya zetu zitarudi ndani siku hiyohiyo.

Na kama wataalamu wako watakuambia nguzo hiyo haina umeme wa kutosha, au haina umeme kabisa, waambie waje saa sita za mchana. Taa yake imekuwa ikiwaka mchana na usiku tangu mwaka jana. Niliripoti hilo pia.

Wako mtiifu, mwenye stakabadhi ya faini,

Mkazi wa ghorofa ya nne