Barua kwa Mwanaidi: naomba ukaazi kwetu Tanga

Reading, Uingereza
9 Novemba 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wajukuu, na mama yako Bi. Mwanakombo mguu umempoa. Huku hatujambo, ila baridi imeshaingia na saa kumi na moja jioni ni giza totoro.

Najua utajiuliza kwa nini barua wakati WhatsApp ipo. Jambo lenyewe ni refu, na nataka umsomee mama polepole, kwa sababu mbele kidogo nina ombi linalomhusu yeye.

Narudi. Si zile wiki tatu za Desemba, narudi kabisa. Mwezi uliopita nimeanza kukusanya karatasi za kuomba kibali cha ukaazi, Daraja C, ambalo wastaafu nao wamo. Kwenye fomu kuna mahali pa uraia, nikaandika Mwingereza. Chini yake mahali pa kuzaliwa, nikaandika Tanga. Nilikaa nikiyatazama maneno hayo mawili mpaka chai ikapoa. Mwanaidi, naomba ruhusa ya kuishi mtaa ambao mimi na wewe tulijifunza kutembea.

Hukuwahi kuniuliza ilikuwaje, na nakushukuru kwa hilo, lakini leo nikwambie. Ilikuwa 1998. Watoto wamezaliwa huku, baba yao ameshaondoka, na kila mwaka nilikuwa na hofu ya karatasi kututenganisha. Siku hizo hakukuwa na sherehe za kupewa uraia kama sasa. Nilikula kiapo mbele ya mwanasheria, ofisini kwake juu ya duka la viatu, muda wa dakika kumi hivi, cheti kikaja kwa posta. Usiku ule niliingia zamu hospitalini kama kawaida. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unamtoka. Nilijua hivyo nilipotia saini. Kaka Athumani alinitupia ile ya mwacha asili ni mtumwa, na hatukuzungumza karibu miaka miwili. Ningewekwa tena pale pale na watoto wale wadogo, ningetia saini tena. Lakini maumivu yake sikuyajua mpaka nilipozeeka.

Njeri, yule Mkenya niliyekuwa naye wodini, mambo yake yalinyooka. Katiba yao ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, akaomba wake wa kuzaliwa, akaupata. Akitua Nairobi anapita na wenyeji. Mimi nikitua Dar nalipa dola 50 za viza, napigiwa muhuri wa siku 90, namjibu ofisa kwa Kiswahili cha kwetu Ngamiani naye ananitazama kwa huruma. Sina kijicho na Njeri. Natamani tu na sisi tungefikiriwa hivyo.

Utasema: basi ukane uraia wa Uingereza uombe wa kwenu upya. Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Pensheni isingeguswa, maana inafuata michango, haifuati pasipoti. Kinachonizuia ni mwanangu Zuhura na wanawe. Yule mdogo ana miaka mitatu. Siku Zuhura akinipigia kwamba mtoto amelazwa, nianze kupanga foleni ya kuomba viza ya kwenda kumwona mjukuu wangu, na pengine ninyimwe? Siwezi. Ndiyo maana nimechagua kibali.

Sasa suala la fedha, kwa sababu najua huko watu wanasema Rehema anakuja na pauni. Nataka wewe ujue hesabu ya kweli. Pensheni kamili ya serikali mwaka huu wa 2025 ni pauni 230.25 kwa wiki. Inataka michango ya miaka 35, na yangu imetimia. Kila Aprili hupanda kufuata bei au mishahara. Lakini ukihamia nchi ambayo haina mkataba na Uingereza wa kuipandisha, inaganda pale ulipoiacha, na itabaki hapo muda wote utakaoishi huko. Tanzania haina mkataba huo, Kenya nayo haina. Mtu aliyestaafu 2016, mfumo huu mpya ulipoanza, akahamia Mombasa mwaka ule ule na pensheni kamili, alianza na pauni 155.65 kwa wiki, na hizo ndizo anazopokea leo. Jamaika ina mkataba. Ufilipino inao. Marekani inao.

Hili linanikasirisha na sitaki kulificha. Nimefanya kazi miaka mingi ubavuni mwa mwuguzi kutoka Kingston. Tumewageuza wagonjwa wale wale vitandani, tumekatwa michango ile ile kwenye mshahara. Yeye akirudi kwao pensheni yake itaendelea kupanda. Yangu itasimama. Mchango wangu ulipokuwa unachukuliwa hakuna aliyeniuliza nitazeekea wapi.

Matibabu nayo ndiyo hivyo. Ya bure huku ni ya mkaazi, hata kama una pasipoti yao. Nikishahama nitakuwa mgeni, na hospitali zinaweza kunitoza nikija kuwatembelea watoto. Dawa zangu za presha nitazinunua huko. Nakuomba upite duka la dawa uniulizie amlodipine ya miligramu 5, vidonge vya mwezi mmoja ni shilingi ngapi. Usiwaambie ni za mtu wa Ulaya.

Nyumba ya Barabara ya 12 itabaki kwa jina la Athumani. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na mimi siji kuwekeza, nakuja kukaa. Vyumba viwili vya uani nilivijenga kwa fedha za zamu za usiku, lakini karatasini mimi ni mgeni wake. Ananiapia kwamba sitabughudhiwa, nami namwamini. Wasiwasi wangu ni watoto wake, ambao hawanijui vizuri. Ukiwa na nafasi, kaa naye umsikilize, halafu uniambie umeonaje. Wewe huwa unamsoma mtu.

Ombi lenyewe ni hili. Siku hizi kuna habari ya Hadhi Maalumu kwa sisi wenye asili ya Tanzania tulio na uraia wa kwingine. Siku nitakapoiomba itanibidi nionyeshe kwamba asili yangu ni huko, na mimi sina cheti cha kuzaliwa. Unakumbuka tulivyozaliwa, wewe na mimi, 1958, mkono wa mkunga, nyumbani, kabla hata ya Uhuru. Nani angetuandikisha? Pasipoti ya kwanza niliipata kwa kiapo cha marehemu baba, na nakala yake ilipotea tulipohama nyumba. Nimesoma kwamba RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wanamwandikisha hata mtu mzima akiwa na ushahidi wa kutosha. Mashahidi wa kuzaliwa kwangu wamekwisha wote, amebaki mama yako. Yeye ndiye aliyeshika taa usiku ule, mama yangu aliniambia mara nyingi.

Naomba umpeleke kwa wakili akale kiapo, kama afya inamruhusu. Kama kutoka nyumbani ni taabu, wakili aje, gharama juu yangu, nitazituma kwa M-Pesa kabla hajafika. Msimlazimishe tarehe. Aseme anachokikumbuka: nyumba ya nani, mtaa gani, nani walikuwepo, na wewe ulikuwa na umri gani wakati huo. Kwa hesabu za mama yangu, wewe ulinitangulia kwa miezi minne na ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Uulize pia shule yetu ya msingi kama madaftari ya darasa la kwanza ya 1966 bado yapo.

Nimefanya kazi wodi ya wazee, Mwanaidi. Nimewaosha watu waliokuwa walimu, madereva, wafanyabiashara wakubwa, na saa ya kutembelewa wagonjwa inapita hakuna aliyeingia. Nilikuwa nawasemesha ili wasikie sauti. Wengi walinishukuru kwa jina la mtu mwingine. Mimi nataka nikiugua niwasikie watu wakibishana uani kuhusu nazi.

Nitapiga simu Ijumaa baada ya sala. Mpe mama simu, uiweke sikio la kulia, la kushoto najua halisikii. Nataka nimwombe mwenyewe kabla hujampeleka kokote.

Shoga yako,
Rehema