Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: alama za kundi zihesabiwe vyuoni

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga katika chuo kimoja cha stashahada hapa Tanzania. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeongoza darasa. Hatua za kumhudumia mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua alizitaja zote bila kukosea. Siku damu ilipotoka kweli mbele yake, aliganda. Hakujua amwambie nani akande tumbo, nani aweke dripu. Mkunga wa zamu aliingia, akagawa kazi, mama akapona. Binti yule sikumlaumu. Miaka mitatu tulimtahini peke yake.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliohusisha hospitali za Tanzania pia na kutoa matokeo mwaka 2023, ulionyesha kwamba kiasi cha damu inayotoka kikipimwa mapema, kisha kukanda mji wa mimba, dawa za oksitosini na asidi ya traneksamiki, dripu na uchunguzi vikaenda pamoja bila kusubiriana, kutoka damu kupindukia, upasuaji wa kuizuia na vifo, vikihesabiwa kwa pamoja, hupungua kwa asilimia 60. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo.

Njia ya kuifundisha ipo: kujifunza kwa makundi (Team-Based Learning). Larry Michaelsen aliianzisha Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, darasa lake lilipofurika kama yetu yalivyofurika. Wanachuo huja wameshasoma. Kila mmoja hujibu maswali machache peke yake, kisha kundi la watu watano hadi saba, lilelile muhula mzima, huyajibu tena maswali yaleyale na kukubaliana jibu moja. Baadaye makundi yote hupewa mgonjwa mmoja na kuonyesha uamuzi wao kwa wakati mmoja.

Nimeijaribu kwenye mada moja. Katika kundi fulani, binti mpole ndiye peke yake aliyekuwa na jibu sahihi, na wenzake watano wakamzidi kwa sauti. Majibu yalipotoka walinyamaza. Wiki iliyofuata walimuuliza yeye kwanza. Mheshimiwa, sijawahi kuona mhadhara ukifanya hivyo.

Lakini kazi isiyo na alama mwanachuo huiacha, na simlaumu, ana mitihani. Naomba Wizara, pamoja na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na Baraza la Uuguzi na Ukunga, itoe mwongozo unaotamka kwamba alama za kundi zihesabiwe kwenye tathmini endelevu, tuanze na somo la ukunga, na wakufunzi tupewe mafunzo kabla ya muhula kufunguliwa.

Wako mtiifu,
Mkufunzi wa ukunga