Kuhusu Kitabu Chako cha Maji Kupwa na Kujaa

Dar es Salaam

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Bahasha yako niliipata Jumamosi, na michoro yote 16 nikaitandaza sakafuni nikaitazama mpaka kiza kikaingia.

Umeniuliza kama inatosha kumkabidhi mchapishaji hadithi na michoro, kisha yeye apange kurasa apendavyo. Nakusihi usifanye hivyo. Kazi ya kupanga kurasa nimeifanya miaka mingi, na nimewahi kuona mchoro mzuri wa mtumbwi ukitoka kiwandani umekatwa tezi, kwa sababu tu aliyechora na aliyepanga hawakupata kukaa meza moja.

Mtazame Bruno Munari, msanifu wa Milano, ambaye mwaka 1968 alitoa kitabu kuhusu ukungu wa mji wake bila kuuchora ukungu wenyewe. Alichapa kwenye karatasi nyembamba inayopenyeza mwanga, hata vitu vya kurasa za mbele vikawa vinaonekana kwa mbali, hafifu, vikikusogelea kadiri unavyofunua. Mwaka 1980 akatoa vitabu vidogo 12, kila upande sentimita 10, kwa ajili ya watoto wasiojua kusoma bado, na vingine akavitengeneza kwa mbao na kwa kitambaa.

Eric Carle naye alikuwa msanifu wa michoro huko New York kabla ya kuandikia watoto. Siku moja alitoboa rundo la karatasi kwa mashine ya kutobolea, akaona matundu yale yanafanana na njia ya mdudu anayekula kurasa; mhariri wake, Ann Beneduce, ndiye aliyependekeza mdudu huyo awe kiwavi. Kitabu kilipokamilika, chenye kurasa za upana tofauti na tundu katika kila tunda, hakikupatikana kiwanda Marekani cha kukichapa kwa bei inayobebeka, mhariri akakipeleka Japani, kikatoka mwaka 1969. Habari hii naipenda kuliko zote, kwa kuwa mhariri angeweza kabisa kumwambia afute matundu, naye hakumwambia. Leo mtoto hutia kidole katika tundu hilo kabla hajajua herufi moja.

Sasa turudi kwa kaa wako wa ukurasa wa 9. Umempaka maji ya buluu juu yake, na kwa kweli umepaka vizuri, lakini ukurasa umelala. Je, maji hayo yakichapwa peke yake kwenye karatasi inayopenyeza mwanga, msomaji akifunua, bahari si itakuwa imekupwa mkononi mwake na kaa kubaki mchangani? Karatasi tatu za namna hiyo zitatosha kitabu kizima, kwa hiyo gharama haitamtisha mchapishaji.

Kwanza tengeneza nakala moja ya mkono: kunja, shona mgongo kwa uzi, kisha mpe binti yako wa mwisho bila kumwelekeza neno, uangalie kidole chake kinakwenda wapi. Mimi nitakuja mwishoni mwa mwezi na karatasi za aina nne tuzijaribu pamoja. Ile michoro ya awali usiikate hata ukingo kabla sijafika.

Ni mimi rafikiyo akupendaye.