Kabla hujalipa ada ya chuo cha mtandaoni, uliza mtihani unafanyikia wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana waliomaliza kidato cha sita, wazazi wao, na walimu wenzangu wa cheti na stashahada wanaoitamani shahada bila kuacha kazi. Msimu wa udahili ukifika, simu zetu hujaa matangazo ya "soma popote ulipo". Mimi nimesoma hivyo huku nafundisha shule ya msingi hapa Mafia, na shahada ninayo. Simkatishi mtu tamaa. Ila kuna jambo tangazo halikuniambia, nikalijua nimeshalipa: masomo niliyapata kitandani kwangu, mtihani nilitakiwa niufuate Dar es Salaam.

Tena mwezi wa saba. Mtu wa bara hataona uzito wa maneno hayo, lakini wa kisiwani anajua huo ni mwezi wa kusi, upepo mkali unaochafua bahari. Kutoka Kilindoni unavuka hadi Nyamisati, ndani kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, halafu unapanda basi kwenda Mbagala. Mwaka 2024 mtihani wangu wa kwanza ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Ijumaa nikafika gatini na begi, mtoto wa miezi mitano mgongoni, tukaambiwa bahari imechafuka, chombo hakiondoki. Jumamosi vilevile. Jumapili jioni ndipo tulipovuka, watu wanatapika njia nzima, tukalala Nyamisati kwa kukosa basi. Nilipofika kwenye ukumbi ilikuwa saa tano kasoro na mlango umeshafungwa. Nikakaa kwenye benchi la nje nikimnyonyesha mwanangu, namsikia msimamizi akiwatangazia wenzangu dakika zilizobaki.

Nikaomba mtihani maalumu. Fomu ilitaka barua ya daktari au uthibitisho wa msiba. Habari za upepo hapakuwa na pa kuziandika. Nikalibeba somo lile mwaka mzima na kulilipia upya.

Sasa nasikia wengine mitihani wanafanyia nyumbani, kamera ya kompyuta ikiwatazama. Hilo nalo liulizwe vizuri: umeme ukikatika katikati ya mtihani, inakuwaje? Sisi tulipata somo letu Mei ya mwaka huo huo wa 2024. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilitupiga, kwetu kikaondoka na mabati mawili na umeme ukazimika. Hatujakaa sawa, Jumapili tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zikakatika, intaneti ikawa ya kuvizia karibu nchi nzima. Kazi zangu mbili zilitakiwa ziwe zimepakiwa Jumatatu, mwisho saa sita usiku. Mhadhiri mmoja alituongezea wiki. Wa pili alinikata alama kumi kwa kuchelewa, na kanuni ilikuwa upande wake, kwa sababu ilikuwamo kwenye kitabu cha mwongozo ambacho sikuwa nimekisoma. Kisomeni hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Baba yangu mdogo alisoma Chuo Kikuu Huria katika miaka yake ya mwanzo, miaka ya 1990, akisomea vitabu vya kuchapwa na taa ya chemli. Yeye tangu siku ya kwanza alijua mtihani unafanyikia kituo gani, na nauli aliiweka pembeni mapema. Leo nauli, malazi na chakula cha siku za mitihani hakuna anayevitaja, wakati kwangu vilikaribia nusu ya ada ya muhula.

Jambo la muda nalo linafichwa. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kusoma, na shahada ya kwanza inadai krediti zisizopungua 360. Igawe kwa miaka mitatu: saa 1,200 kwa mwaka, zaidi ya saa 20 kila wiki, na bado una daftari za kusahihisha na mtoto analia. Mimi nilikuwa naamka saa nane usiku, bando la usiku likiwa rahisi, napakua vipindi vya kusikiliza mchana. Vya video niliviacha, maana saa moja ya picha safi inaweza kumeza gigabaiti nzima; mhadhiri akiwa na sauti peke yake au maandishi, chukueni hayo. Na kuandika insha ya kurasa kumi kwenye simu ni mateso. Kama kompyuta haipo, tafuteni kwanza ya kuazima.

Kwa hesabu ile ya saa, anayekuahidi shahada kwa miezi minane mkimbie. Chuo kikiwa cha nchi nyingine, waulize TCU kama cheti chake watakitambua, na waulize kabla ya kulipa. Ukisomea taaluma yenye baraza lake, baraza nalo liulizwe. Mazoezi ya kufundisha, maabara na wodi havifanyiki kwenye simu, kwa hiyo ujue utavifanyia wapi na nani atakusimamia.

Ombi langu kwa TCU ni moja. Kila chuo kinachotangaza masomo ya mtandaoni kilazimishwe kuandika kwenye tangazo lenyewe vituo vyake vya mitihani na mwezi wa mitihani. Maandishi hayo hayazidi mstari mmoja, na mimi yangeniokolea mwaka.

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu alikuja na fomu ya chuo fulani, ameshaweka akiba ya ada kwa kuuza nazi na pweza. Nilimuuliza mtihani unafanyikia wapi, hajui. Tukapiga namba iliyo kwenye fomu, ikaita mpaka ikakatika, mara tatu. Nimemwambia fedha asiitoe mpaka mtu apokee simu na kumtajia kituo. Anapiga kila siku akitoka baharini.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kilindoni, Mafia